Binti wa Kachibora na Kalamu ya Mhasibu



Mwishoni mwa mavuno yaliyopita tulialikwa arusini Kitale. Baada ya walima tuliona si vyema kurudi Mombasa bila kuwajulia hali jamaa zetu wanaoishi Kachibora. Tukapanda matatu asubuhi yenye baridi, mashamba ya mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa kulia na kushoto, na mbele yetu milima ya Cherangany imejifunika ukungu. Kachibora ni mji mdogo wa soko, mashariki ya Kaunti ya Trans Nzoia. Siku ya soko utakuta mahindi, maharagwe, viazi na maziwa, na wanunuzi waliotoka Kitale na kwingineko. Jamaa yetu ana duka la rejareja hapo, na nyuma ya mji ana ekari chache za mahindi.

Mwenyeji wetu ana binti aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia na kupata alama ya jumla ya B-. Baada ya kutuamkia shikamoo na kutuwekea chai na mahamri, binti huyo aliketi karibu na mama yake, akamwachia mama aseme. Akasema mama: "Mwenzenu anataka kusomea uhasibu. Baba yake hajakataa, lakini hajakubali. Tangu matokeo yatoke yumo katika kunyamaza tu."

Baba mtu hakuona haya kutueleza yaliyomo moyoni mwake. Alikuwa na mambo matatu. La kwanza ni ada, kwani mapato ya mahindi huja mara moja kwa mwaka. La pili ni binti kuondoka nyumbani. La tatu, na hilo ndilo lililomnyima usingizi, ni riba. "Nimesikia," alisema, "kwamba mwenye kuandika riba yumo katika dhambi pamoja na mwenye kuila. Sasa mimi nimsomeshe mwanangu kazi ya kuandika hesabu za watu, nisijue atakwenda kuandika nini?"

Hatukumjibu papo hapo. Maswali hayo si yake peke yake. Yapo Kisauni, Malindi na Lamu kama yalivyo Kachibora. Tumeona ni wajibu wetu kuyachukua moja baada ya moja.

Shilingi elfu thelathini na nane

Kwanza tusimulie kisa kimoja, kwa sababu ndani yake mna jibu la swali ambalo wengi hawaliulizi: mhasibu ni wa kazi gani?

Miaka michache iliyopita sisi wenyewe tulikuwa katika kamati ya kuezeka madrasa moja, ambayo hatutaitaja. Michango ilitoka kwa kina mama, mmoja shilingi mia mbili, mwingine elfu moja, na jamaa wa nje wakatuma zao kwa simu. Paa likaezekwa. Siku ya kusomewa hesabu, mweka hazina, mama mwenye heshima na mcha Mungu, alisoma mapato, akasoma matumizi, na pengo likabaki: shilingi 38,000 hazikuonekana zilikokwenda. Hakuna aliyesema neno "wizi", lakini kila mtu alilifikiri. Mweka hazina alilia mbele ya watu. Jumaa iliyofuata hakuja darasani, na wenzake wawili wakajitoa pamoja naye.

Baada ya miezi miwili, kijana mmoja wa jirani aliyekuwa akisomea uhasibu aliomba apewe daftari, risiti zote na taarifa ya M-Pesa ya simu ya mweka hazina. Alikaa nazo siku mbili. Akakuta kwamba mbao zilinunuliwa kwa safari tatu, na daftari limeandika safari mbili tu. Akakuta pia nauli ya lori na ujira wa vibarua vililipwa taslimu bila kuandikiana. Zilipojumlishwa, pengo likaziba na kubaki shilingi mia nne. Mama yule alikuwa mwaminifu tangu mwanzo hadi mwisho. Kilichokosekana ni maandishi.

Jambo hilo lilituuma, na linatuuma mpaka leo. Mtu mwema alidhalilika, na urafiki wa miaka ukavunjika, kwa kukosa risiti tatu. Tangu hapo tumeelewa kwamba hesabu iliyoandikwa vizuri humzuia mwizi, na zaidi ya hapo humlinda mwaminifu.

Kuhesabu fedha na kujua mali

Watu wengi humdhania mhasibu kuwa ni mtu wa kuhesabu fedha. Kuhesabu fedha ni kazi ya mshika fedha. Mhasibu huandika kila kinachoingia na kinachotoka, huonyesha kilikotoka na kilikokwenda, hutenga mali na madeni, kisha huitengeneza picha nzima ili mwenye mali aone hali yake ilivyo.

Tulimpa mwenyeji wetu mfano, naye akatusaidia kuukadiria. Tuseme mkulima wa Kachibora ana ekari tano na amevuna magunia 100 ya kilo 90. Amekwisha kutoa zaka magunia 10, ameweka 10 ya kula nyumbani, na 80 ameyauza kwa shilingi 3,500 kila gunia. Mkononi ana shilingi 280,000. Akikumbuka mbegu na mbolea alizonunua kwa shilingi 75,000, ataona faida yake ni 205,000, na pengine aanze kupanga kununua pikipiki.

Lakini mhasibu atamuuliza: Shamba ni lako au umekodi? Kukodi, 60,000. Kulima na kupiga haro, 35,000. Palizi, 30,000. Kuvuna na kupukuchua, 40,000. Magunia na dawa ya kuhifadhia, 15,000. Usafiri wa kupeleka sokoni, 15,000. Hizo ni 195,000 nyingine, na matumizi yote yanafika 270,000. Fedha iliyobaki ni shilingi 10,000, pamoja na chakula cha nyumbani chenye thamani ya 35,000. Mkulima hakupata hasara, lakini hana pikipiki. Asipoandika ataikopea pikipiki hiyo, na msimu ujao atashangaa fedha zimekwenda wapi.

Baba mtu alicheka kidogo, kisha akanyamaza tena. Safari hii kilikuwa kimya cha mtu anayepiga hesabu.

Hata ibada inaihitaji kalamu hiyo. Zaka ya nafaka iliyonyeshewa na mvua ni sehemu moja ya kumi, na iliyomwagiliwa kwa gharama ni nusu ya hiyo. Kiwango kinachowajibisha ni wasaki tano, ambazo wanazuoni wengi wa zama hizi huzikadiria kuwa kilo 653, yaani magunia saba na kitu. Zaka ya biashara ni asilimia mbili na nusu, na huhesabiwa kwa mwaka wa mwezi mwandamo wenye siku 354 au 355, ilhali vitabu vya duka hufungwa kwa mwaka wa jua. Mwenye duka asiyejua thamani ya bidhaa zilizomo rafuni, anachodai na anachodaiwa, ataitoaje zaka yake kwa yakini?

Lugha yetu yenyewe inashuhudia kwamba kazi hii si ngeni pwani. Hesabu, faida, hasara, deni, amana, rasilimali, daftari: maneno haya yalikuwa midomoni mwa wazee wetu katika biashara ya majahazi kabla ya chuo chochote cha uhasibu kufunguliwa katika nchi hii. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika mpaka Mumias katika karne ya 19, na ndiyo iliyofikisha Uislamu katika sehemu hizo za magharibi. Binti wa Kachibora anapoomba kufundishwa kuandika hesabu, anaomba kitu ambacho wazee wake walikijua kwa njia yao.

Njia yenyewe na ngazi zake

Katika Kenya, mitihani ya uhasibu husimamiwa na bodi ya KASNEB, iliyoanzishwa mwaka 1969. Cheti kikuu ni CPA, yaani cheti cha mhasibu wa umma aliyethibitishwa. Anayetaka kukianza moja kwa moja kutoka sekondari anahitaji alama ya jumla isiyopungua C+. Binti yetu mwenye B- anayo sifa hiyo.

Kwa aliyepata chini ya hapo, mlango haujafungwa. Ipo stashahada ya ufundi wa uhasibu, iitwayo ATD, inayopokea wenye alama ya C- na kuendelea. Aliyeimaliza anaweza kuajiriwa kazi za hesabu, na anaweza pia kupanda kwenda CPA. Tunawasihi wazazi wasimvunje moyo mtoto kwa sababu ya herufi moja. Wapo wahasibu hodari walioingia kwa mlango huo wa pembeni.

CPA yenyewe, tangu mitaala ilipobadilishwa mwaka 2021, ina ngazi tatu. Ngazi ya msingi ina karatasi sita: uhasibu wa fedha, stadi za mawasiliano, utangulizi wa sheria na utawala, uchumi, hesabu za takwimu, na teknolojia ya habari. Ngazi ya kati inaingia ndani zaidi katika sheria za makampuni, usimamizi wa fedha, utayarishaji na uchambuzi wa taarifa za fedha, ukaguzi wa hesabu, hesabu za usimamizi, na fedha za umma pamoja na kodi. Ngazi ya juu inamfundisha uongozi na hesabu za makampuni makubwa, kisha inamtaka achague tawi moja, kwa mfano kodi, ukaguzi au fedha za serikali, na kuonyesha kwa vitendo kwamba anaweza kuchambua takwimu kwa kompyuta.

Alama ya kufaulu kila karatasi ni asilimia 50. Kila ngazi hukadiriwa kuchukua mwaka mmoja, hivyo mwenye bidii na utulivu anaweza kumaliza kwa miaka mitatu. Wengi huchukua zaidi, kwa sababu wanafanya kazi, au ada imekwama, au karatasi moja imewagomea. Kuanguka karatasi moja si aibu. Ni jambo la kawaida sana katika njia hii, na mzazi alijue mapema ili asije akadhani mtoto amecheza.

Jambo lingine ambalo watu hulichanganya ni kufaulu mitihani na kuwa na ruhusa ya kazi. Aliyemaliza CPA hujisajili kuwa mwanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu iliyoanzishwa mwaka 1978. Anayetaka kufungua ofisi yake na kutia sahihi ukaguzi wa hesabu za wengine anahitaji pia hati ya kufanyia kazi, chini ya Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008, na kwa hiyo lazima kwanza apate uzoefu. Hata baada ya hapo haachi kusoma: mwanachama hutakiwa kuhudhuria mafunzo kila mwaka, kwani sheria za kodi hubadilika na kanuni za hesabu hubadilika.

Na shahada ya chuo kikuu je? Njia zote mbili ni halali, na zinaweza kukutana. Aliyesoma shahada ya biashara anaweza kuomba msamaha wa baadhi ya karatasi za CPA. Kwa watu wa upande huo wa nchi, kuna Chuo Kikuu cha Kibabii kule Bungoma, kilichopata hati yake mwaka 2015, na pale Kitale penyewe pana chuo cha taifa cha ufundi. Tofauti ni kwamba CPA inaweza kusomwa hatua kwa hatua, huku mtu yuko dukani au kazini, na kwa familia nyingi hilo ndilo linaloamua.

Ada na kalenda ya shamba

Hapa ndipo mambo huwa mazito kwa nyumba ya mkulima. Mitihani ya CPA hufanywa mara tatu kwa mwaka: Aprili, Agosti na Desemba. Aprili ni wakati wa kupanda mahindi Trans Nzoia, na kila shilingi imekwenda ardhini. Agosti mahindi yamesimama shambani lakini hayajakauka, na ndicho kipindi ambacho mfuko huwa mtupu kabisa. Desemba ni mavuno, fedha ipo, lakini mikono yote inahitajika shambani.

Mama wa binti aliligundua hilo kabla yetu. Alisema kwamba ada ya mwaka mzima inapaswa kutengwa mavuno yanapouzwa, kabla haijaingia katika matumizi mengine, iwekwe mahali ambapo haiguswi. Ni ushauri wa mhasibu kamili, na ametoa mtu asiyejua jina la kazi hiyo kwa Kiingereza. Tunaongeza kwamba mwanafunzi halazimiki kuubeba mzigo wote kwa mkupuo. Anaweza kufanya karatasi mbili au tatu katika awamu moja, akapumzika awamu ya kupanda, kisha akaendelea.

Wengi hutuuliza kuhusu mikopo ya serikali ya HELB. Kwa mwanafunzi wa shahada mkopo huo hurejeshwa kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na kwa sababu hiyo familia nyingi za Kiislamu hujizuia nao. Hatutoi fatwa hapa. Waulizeni masheikh mnaowaamini. Lakini tunasema wazi kwamba haitoshi kumwambia kijana "huo ni haramu" kisha tukamwacha njiani. Tukimfungia mlango mmoja, ni juu yetu kumfungulia mwingine. Ziko jumuiya za akina mama zinazochanga kwa zamu bila riba. Wako matajiri wanaotafuta pa kuweka sadaka zao. Ziko familia zenye watu watano wenye kazi, ambao wakitoa shilingi elfu moja kila mmoja kwa mwezi, mpwa wao atasoma. Na kwa mwanafunzi aliye fukara, waulizeni wanazuoni wenu kama anaingia katika wanaostahiki zaka.

Pia jihadharini. Kabla ya kulipa chuo chochote, hakikisheni kwamba kimeidhinishwa kufundisha mitihani hiyo, na kwamba mwanafunzi amesajiliwa na bodi yenyewe kwa jina lake kama lilivyo katika kitambulisho. Anayewaahidi cheti cha haraka bila mtihani anawauzia karatasi isiyo na thamani.

Kalamu na riba

Sasa tulifikie lile lililomnyima baba usingizi. Hofu yake ina msingi. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Jabir, kwamba Mtume (s.a.w.) alimlaani mwenye kula riba, mwenye kuilisha, mwenye kuiandika na mashahidi wake wawili. Hatuwezi kulipita hadithi hilo kama kwamba halipo.

Lakini tulisome pamoja na mengine. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Sura al-Baqara, inahusu kuandika madeni. Allah (S.W.) ameamrisha deni la muda liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, na asikatae kuandika kama alivyofunzwa. Aya hiyo imekuja baada tu ya aya zinazokataza riba. Kalamu ile ile inayolaaniwa ikiandika riba, imeamrishwa iandike haki. Basi baba akimtakia mwanawe usalama, afikirie atakapokwenda kuandika, na asiichukie kalamu yenyewe.

Na mahali pa halali pa kuandika ni pengi. Shule zina wahasibu, hospitali zina wahasibu. Viwanda, maduka ya jumla, kampuni za usafirishaji na mashirika ya misaada vyote vinawahitaji. Tangu mwaka 2013 tuna kaunti 47, na kila moja ina hazina yake, matumizi yake na hesabu zake za kufungwa kila mwaka. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali huzikagua zote.

Hata katika mabenki kuna njia. Mwaka 2008 Gulf African Bank na First Community Bank zilifungua milango yao katika Kenya kwa misingi ya sharia. Ya pili leo inaitwa Premier Bank. Kule Bahrain ipo taasisi iitwayo AAOIFI, iliyosajiliwa mwaka 1991, ambayo huandaa kanuni za uhasibu kwa mabenki ya Kiislamu na kutoa cheti cha mhasibu wa fedha za Kiislamu. Mabenki haya yanahitaji watu waliobobea katika mambo mawili kwa pamoja: hesabu na fiqhi ya biashara. Mtu wa namna hiyo ni adimu. Binti aliyesoma madrasa mpaka akaelewa tofauti ya murabaha na mudharaba, kisha akapata CPA, ataombwa aje.

Zipo hali zenye utata, nasi hatufichi. Mhasibu wa kampuni ya kawaida atakutana na mkopo wa benki ndani ya vitabu vya mwajiri wake. Mkaguzi atapewa kazi ya kukagua kampuni ambayo biashara yake ina mchanganyiko. Mambo hayo yanataka ushauri wa mwanachuoni anayeijua kazi hiyo, na ni vyema kijana aanze kuuliza tangu akiwa mwanafunzi.

Ipo pia fitina ambayo ni kubwa kuliko tunavyodhani, nayo ni zawadi. Imo katika Bukhari habari ya mtu aliyeitwa Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka za Bani Sulaym. Aliporudi aligawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume akamkemea na kumuuliza kwa nini asikae nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi hizo zingemfuata. Mhasibu wa leo ataletewa bahasha, atalipiwa nauli, atapunguziwa bei ya kiti na kabati, ili afumbe jicho moja. Riba huonekana kwa jina lake, lakini bahasha huja imevaa nguo ya ukarimu. Mzazi anayetaka kumlinda mwanawe amfundishe hilo kabla hajampeleka chuoni.

Binti kuondoka nyumbani

Katika jambo la pili la baba, la binti kuondoka, hatukuwa na maneno mengi, kwa sababu kila nyumba inawajua watoto wake. Tuliuliza tu yale yanayouliziwa. Je, anaweza kusoma Kitale akae kwa shangazi yake, badala ya kwenda Nairobi? Je, kuna hosteli ya wasichana inayoaminika, na msikiti ulio karibu? Je, ngazi ya msingi anaweza kuisoma nyumbani kwa vitabu na intaneti, akaenda mjini kwa masomo magumu na kwa mtihani tu? Majibu yalipatikana moja baada ya jingine. Ilionekana kwamba safari ndefu tuliyokuwa tukiiogopa ilikuwa, kwa mwaka wa kwanza, nauli ya matatu kwenda Kitale na kurudi.

Kuhusu kama kazi hii yamfaa mwanamke, historia imekwisha kujibu. Wapokezi wa habari wametaja kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimpa ash-Shifa bint Abdillah, bibi aliyejua kusoma na kuandika, sehemu ya usimamizi wa soko la Madina. Na Bibi Khadija (r.a.) mali yake ilisafiri mpaka Sham, naye alijua nini kimekwenda na nini kimerudi. Hapa kwetu, tangu Julai 2020 Mkaguzi Mkuu wa Serikali ni mwanamke, CPA Nancy Gathungu, wa kwanza kushika nafasi hiyo. Magavana na mawaziri huzisubiri ripoti za ofisi yake.

Kwa mama wa watoto, kazi hii ina wepesi wake pia. Hesabu za maduka madogo, za vikundi na za shule zinaweza kufanyiwa nyumbani kwa kompyuta moja. Tunawajua kina mama wa Mombasa wanaopika asubuhi, wakafunga hesabu za wateja wao mchana, na jioni wako darasani na watoto.

Jioni ile

Tulipokuwa tukijiandaa kurudi Kitale, baba mtu alikwenda dukani akarudi na daftari lililochakaa jalada. Ndani mlikuwa na madeni ya wateja, mengine ya miaka miwili, mengine yamefutwa kwa mstari na mengine kwa kidole chenye wino. Akamkabidhi binti yake, akamwambia: "Kabla sijalipa chuo, nisafishie hili. Nataka kujua nani ananidai na mimi namdai nani, na hili duka linanilisha au nalilisha mimi."

Binti alilipokea kwa mikono miwili. "Nipe wiki mbili, Baba," alisema, "na risiti zote, hata zile za mfukoni."

Tumepata habari kwamba ilimchukua wiki tatu. Duka linaleta faida, ingawa ndogo, na sukari ndiyo inayouzwa kwa hasara, kwa sababu kipimo kimekuwa kikizidi bila mtu kujua. Baba amebadilisha mizani. Fedha ya kumsajilia binti na ya karatasi tatu za kwanza imekwisha kutengwa, na shangazi wa Kitale amekwisha kuandaa chumba.

Wazazi wenzetu, yupo mtoto wa namna hiyo katika nyumba zetu nyingi. Ni yule anayekumbuka nani alichukua nini, anayepanga chenji, anayeuliza kwa nini fedha ya jana haikutosha. Msimwone kuwa ni bahili au mdadisi. Mpeni daftari la nyumba kwa mwezi mmoja, mumtazame. Akifurahia, kaeni naye mzungumze juu ya njia hii tuliyoieleza, ngazi zake, gharama zake na hatari zake. Na zile jumuiya zetu za misikiti na madrasa ziwape vijana hawa vitabu vyao wavikague. Wao watapata uzoefu, na kina mama wetu waaminifu hawatalia tena mbele ya watu kwa kukosa risiti tatu.

Allah (S.W.) awajaalie watoto wetu kalamu za uadilifu, awaepushe na haramu ya wazi na ya siri, na atufanyie wepesi hesabu yetu siku tutakapokabidhiwa vitabu vyetu. Amin.